Uganda: Mzazi wa Mtoto Mlemavu Mbele ya Mwalimu Mkuu

Askari wa Tanzania waliopita Masaka, Mbarara na Kampala katika vita vya 1978 na 1979 waliiacha Uganda ikiwa nchi iliyochoshwa na utawala wa mabavu. Miaka 18 baadaye nchi hiyo hiyo iliweka utaratibu ambao wazazi wa watoto walemavu wanaukumbuka hadi leo.

Mwezi Januari 1997 Serikali ya Uganda ilianza kutekeleza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ulioahidiwa na Rais Yoweri Museveni katika uchaguzi wa 1996. Serikali ilitangaza kwamba itawalipia ada watoto wanne wa kila familia. Mara likazuka swali zito kwa mzazi mwenye watoto sita au saba: wanne hao ni wepi? Mpango wenyewe ulitoa jibu. Kama nyumbani yumo mtoto mlemavu, yeye ndiye aandikishwe kwanza, na watoto wa kike nao wasisahauliwe.

Msikilizaji na apime uzito wa jambo hilo. Kwa miaka mingi, fedha zilipokuwa haba, mzazi alimpeleka shule mtoto aliyemwona kuwa atarudisha faida. Asiyesikia au asiyetembea alibaki nyumbani kulinda kuku. Utaratibu wa 1997 uliipindua hesabu hiyo, ukamtanguliza aliyekuwa akiachwa nyuma.

Lakini kila mwanajeshi anafahamu kwamba amri iliyotoka makao makuu haijawa kitu mpaka kikosi cha mwisho kiipokee. Katika mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka kiasi cha milioni 3 hadi kupita milioni 5. Baadaye kikomo cha watoto wanne nacho kiliondolewa. Mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto mia au zaidi. Katika darasa la namna hiyo mtoto mwenye masikio mazito huketi nyuma, huiga maumbo ya herufi ubaoni, na mwisho wa mwaka huitwa mjinga. Baba yake huambiwa kwa upole kwamba pengine mtoto angepumzika nyumbani. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna barua iliyoandikwa. Mtoto amepokelewa, amehesabiwa katika takwimu, kisha amechoshwa mpaka akaondoka mwenyewe. Kukataliwa kwa namna hii ndiko kugumu kushtakiwa, na ndiyo maana sauti ya mzazi haina badala.

Sheria ziko upande wake. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua heshima na haki za walemavu, na inaitaka dola iendeleze lugha ya alama kwa viziwi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Vyombo navyo vipo. Mwalimu mkuu asiposikia, kuna kamati ya shule ambamo wazazi wamo. Juu yake kuna mabaraza ya serikali za mitaa yenye viti vya walemavu, mwanamke na mwanamume. Na Bungeni wapo wawakilishi wao. Askari atapendezwa kujua kwamba ibara ile ile ya Katiba iliyowapa walemavu viti Bungeni ndiyo iliyolipa viti jeshi la nchi hiyo.

Ngazi hiyo, hata hivyo, haipandwi kwa hasira. Mzazi anayefika peke yake akigombana huitwa mkorofi, na mtoto ndiye hulipa. Mwenye kufaulu huenda na cheti cha mganga, akaomba jambo moja linalowezekana: mtoto aketi mbele, mlango wa choo upanuliwe, mwalimu mmoja apelekwe Chuo Kikuu cha Kyambogo kujifunza elimu maalumu. Wazazi watatu wenye shida moja wakienda pamoja husikilizwa zaidi.

Kwa mzazi mwenye sare taabu ni ya namna yake. Akiwa kazini mbali, mama hubaki peke yake mbele ya mwalimu. Uhamisho ukija, mtoto humpoteza mwalimu aliyekwisha kumzoea, na kazi huanza upya. Tena lipo jaribu la kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu na mkanda kiunoni. Mtoto ataandikishwa siku hiyo hiyo, bila shaka. Lakini mwalimu aliyetishwa hatamwita ubaoni wiki inayofuata. Afadhali baba avue kofia, aende kama mzazi.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hulisikia wakati umekwisha kupita. Baraza la Mitihani la Uganda humwongezea mtahiniwa mlemavu dakika 45 katika kila karatasi, na huandaa maswali ya nukta nundu kwa vipofu na wakalimani wa lugha ya alama kwa viziwi. Msaada huo hauji wenyewe. Shule ndiyo inayopaswa kuuomba wakati wa kuwaandikisha watahiniwa. Mtihani wa darasa la saba hufanywa Novemba, na orodha hufungwa miezi kadhaa kabla. Mzazi anayekumbuka kuuliza mwezi Oktoba humkuta mwalimu mkuu hana tena la kumsaidia.