KIA hadi Dar: Saa moja ya ndege ni saa ngapi za biashara?

MOSHI: Mfanyabiashara wa Kahe anayefuata bidhaa Kariakoo huelezwa na mawakala wa tiketi kuwa kwa ndege ni mwendo wa saa moja tu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kumwezesha kupanga matumizi ya mtaji wake.

Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro (KIA), kilichofunguliwa mwaka 1971, hadi Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kiasi cha kilomita 450 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kutoka Moshi mjini ni karibu kilomita 560, kwa kuwa njia hufuata kingo za milima ya Pare na Usambara kupitia Same, Korogwe hadi Chalinze.

Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 huweza kwenda kilomita 660 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, safari ingechukua dakika 41. Ratiba huonyesha saa moja na zaidi kwa sababu muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Ndani yake kuna kutembea uwanjani, kupanda angani kwa mwendo mdogo, kushuka na kusubiri zamu ya kutua.

Mlango hadi mlango

Makadirio ya safari nzima ni haya: Kahe hadi KIA saa 1 na nusu, kuripoti mapema saa 1 na nusu, ndege saa 1 na robo, kuchukua mizigo na kufika Kariakoo saa 1 na robo. Jumla ni saa 5 na nusu.

Kwa basi, kufika Moshi na kusubiri ni saa 1 na nusu, barabarani saa 9 na nusu, na kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, hadi Kariakoo saa 1 na nusu. Jumla ni saa 12 na nusu. Ndege basi huokoa saa 7.

Mathalani, ikiwa nauli ya ndege imezidi ya basi kwa shilingi 140,000, kila saa iliyookolewa imenunuliwa kwa shilingi 20,000. Mwenye duka ambalo halimpatii faida hiyo kwa saa hana sababu ya kupanda ndege. Isitoshe, tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, saa nyingi za basi ni za usingizi, si za kazi.

Mizigo

Kwa shehena, ndege hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Kanuni iliyozoeleka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kilo 16, hata kama lina kilo 10 za mboga.

Hivyo vipuri vidogo vya bei kubwa huweza kubeba gharama ya ndege. Vitunguu na mahindi ya Kahe vibaki kwenye lori.