Sistikola wa Njombe na mitego yake

Wapo ndege ambao kuwatambua hakuhitaji darubini. Kunguru anajulikana, kanga anajulikana, hata bundi anayeogopwa bure. Raha yenyewe inaanzia kwa vile videge vya rangi ya udongo vinavyochomoka majanini na kuzama tena kabla hujainua mkono. Njombe imejaliwa navyo, na kuna mmoja aliyebeba jina la mji huu kwenye vitabu vya sayansi: Cisticola njombe.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1933 na Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1918 alikuwa akiongoza mashambulizi dhidi ya bandari ya Ostend, Ubelgiji. Baadaye akajitosa kuzunguka Afrika akisaka sistikola, yaani videge vya jamii hiyo. Mtu wa mizinga, kuhangaika na kidege kinachoenea kiganjani! Lakini jaribu kuwatofautisha, utamwelewa.

Chukua wawili wa huku. Wote wana utosi wa rangi ya kutu. Wa Njombe ana michirizi myeusi mgongoni. Mwenzake, Cisticola nigriloris, mgongo wake hauna michirizi, ila ana doa jeusi kati ya mdomo na jicho. Kitabuni kazi imekwisha. Porini ukungu haujainuka, upepo unayumbisha majani, na ndege akikuonyesha mgongo anakunyima uso. Hapo sikio ndilo linalookoa jahazi: wa Njombe hutoa mkwaruzo mkavu, ilhali nigriloris huimba kwa kupokezana, sauti zikipanda kama baiskeli isiyotiwa grisi.

Mtego mkubwa ni hamu. Anayetaka sana kumwona ndege adimu, atamwona tu. Mbayuwayu wa buluu huja kuzaliana kwenye nyasi za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa 2005, na dume ana mkia wa nyuzi mbili ndefu. Ni adimu, na kila shamba la misindano linalopandwa juu ya nyasi za asili humpunguzia makazi. Sasa kuna mbayuwayu mwingine, mweusi, mkia wenye panda, na wa kawaida kabisa. Kwa mbali, kwenye mwanga hafifu, wengi wamemshangilia huyo wakidhani ni wa buluu.

Siku hizi kuna programu za simu, kama Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, zinazosikiliza sauti na kutaja jina. Zinasaidia, lakini jina linalotokea kwenye kioo ni kisio. Lazima umtafute ndege mwenyewe. Baya zaidi ni kumchezea ndege sauti iliyorekodiwa ili atoke. Atatoka kweli, kwa kudhani kavamiwa, na makinda yatasubiri chakula.

Anayeanza, ningemshauri awaache sistikola kwanza, aanzie Makambako kwenye nyaya za barabarani. Mbayuwayu na kijumbamshale huchanganywa kila siku wakiwa angani. Ukiona ametua kwenye waya, kijumbamshale mfute: miguu yake haimruhusu.