Flashi Inapopiga Hodi

Chukua flashi yenye plagi ile bapa ya mstatili, uitazame mdomoni. Utaona vipande vinne vya chuma vinavyong'aa, vimelala sambamba. Viwili vya pembeni vimejitokeza mbele kidogo kuliko viwili vya katikati, na vimefanywa hivyo makusudi. Vya pembeni ni vya umeme wa volti 5, vya katikati ni vya data. Kwa tofauti hiyo ndogo ya urefu, kifaa hupata umeme kabla ya kuanza kuzungumza, na kinapochomolewa, mazungumzo hukatika kwanza.

Wahandisi wa Intel, Microsoft, IBM, Compaq na wenzao, waliotoa toleo la kwanza la USB mwaka 1996, walijua kwamba watu watachomeka na kuchomoa vifaa huku kompyuta ikiwa inafanya kazi. Mfumo mzima umejengwa kwa kulikubali hilo.

Je, wajua kompyuta hutambuaje kwamba kuna mgeni? Upande wa kompyuta, nyaya mbili za data zimevutwa chini hadi volti sifuri na rizista za omu 15,000. Ndani ya kifaa mna rizista ya omu 1,500 tu, inayovuta waya mmoja juu, na kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo, ndiyo inayoshinda. Waya ukipanda hadi karibu volti 3, hiyo ndiyo hodi. Ukipanda ule uitwao D−, mgeni ni wa mwendo wa taratibu, megabiti 1.5 kwa sekunde, kama kibodi nyingi. Ukipanda D+, ana kasi ya megabiti 12 au zaidi. Rizista moja imebeba habari mbili, na kwangu huu ni ubunifu wa hali ya juu.

Kompyuta haifungui mlango papo hapo. Chuma hugusa, huachia, hugusa tena kadiri mkono unavyosukuma, kwa hiyo husubiri walau milisekunde 100 za utulivu. Kisha hukiriseti kifaa kwa kuzishusha nyaya zote mbili hadi sifuri, kwa milisekunde 10 au zaidi. Kifaa chenye uwezo wa megabiti 480 hutumia muda huohuo kutoa ishara fupi, na kikijibiwa, pande zote mbili hupandisha kasi.

Riseti ikiisha, kifaa hakikumbuki lolote na anwani yake ni 0. Vifaa viwili haviwezi kuitikia anwani moja, ndiyo maana ukichomeka vitu vitatu kwenye habu kwa mkupuo, vitapokewa kimoja kimoja. Kila kimoja hupewa anwani yake, kati ya 1 na 127, na hueleza kwa baiti 18 ni cha kampuni gani na ni cha aina gani. Kwa maelezo hayo mfumo endeshi hutafuta draiva (programu ya kukiendesha) inayokifaa.

Waliowahi kutumia modemu za 3G watakumbuka jambo la ajabu kidogo. Modemu ilipochomekwa ilijitokeza kwanza kama CD yenye programu ya kusakinisha. Ikishapewa amri, ilijikata yenyewe na kurudi ikiwa na nambari nyingine ya utambulisho, sasa ikiwa modemu, ilhali hakuna mkono ulioigusa. Kwa kompyuta, mgeni mmoja ameondoka na mwingine amefika.

Draiva, basi, lazima ijue kupokea, kusimama na kuachia. Katika mfumo endeshi wa Linux huarifiwa kabla ya riseti ili isitishe mawasiliano yote, na huarifiwa tena baadaye ili irudishe mipangilio ambayo kifaa kimeisahau. Maelezo yakiwa yamebadilika, kwa mfano baada ya kifaa kupewa programu mpya ya ndani, mfumo hukihesabu kuwa kimeondoka na kuanza upya.

Kuachia ndiko kugumu kuliko yote. Flashi ikichomolewa katikati ya kunakili, maombi yaliyokuwa njiani hurudi yakiwa na makosa, huku programu fulani bado imeshikilia faili wazi. Draiva ikiiachilia kumbukumbu mapema, kompyuta nzima inaweza kuanguka. Naamini draiva isiyojaribiwa kwa kuchomoa kifaa kikiwa kazini haijajaribiwa. Hata kupokea tu kuna hatari zake: mwezi Aprili 1998, kwenye maonyesho ya Comdex mjini Chicago, Chris Capossela wa Microsoft alichomeka skana mbele ya Bill Gates na umati wa watu, na Windows 98 ikaishia kwenye skrini ya bluu ya hitilafu.

Kuna hali moja ambayo hata draiva bora haiiwezi. Laptopu ikilala, tundu la USB linaweza kukatiwa umeme. Ikiamka, Linux hulinganisha maelezo ya flashi, pamoja na nambari yake ya mfululizo kama ipo, na yakilingana huendelea kana kwamba haikuondoka. Lakini flashi hiyohiyo inaweza kuwa ilichomolewa usiku, ikaandikiwa kwenye kompyuta nyingine, ikarudishwa. Linux itaandika kwa kufuata ramani ya mafaili iliyopitwa na wakati, na kazi yako itaharibika. Nyaraka za Linux zenyewe zinaonya juu ya hatari hii. Laptopu ikilala, iache flashi mahali pake, au iondoe kwa utaratibu kabla hujafunga kifuniko.