Kioo cha OLED: Matabaka Usiyoyaona na Fedha Unayolipa

Mnunuzi wa simu au televisheni hukutana na maandishi mawili yanayokaribia kufanana: LED na OLED. Tofauti ni herufi moja, lakini bei huweza kupishana sana. Kwa kawaida televisheni inayoitwa LED ina kioo cha LCD kinachomulikwa na taa ndogo. Kioo cha OLED hakina taa hizo. Kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na ikizimwa huwa nyeusi kabisa.

Mwanga huo hutoka katika matabaka membamba mno ya misombo ya kaboni. Elektroni huingia upande mmoja na chaji chanya upande wa pili. Zikikutana, mwanga hutokea. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walichapisha habari za kifaa chenye matabaka mawili: moja la kupitisha chaji chanya, jingine la kupitisha elektroni na kutoa mwanga. Chaji zilikutana karibu na mpaka wa matabaka hayo, na kifaa kikawaka vizuri kwa umeme usiofikia volti 10. Vioo vya leo vina matabaka mengi zaidi, kila moja na kazi yake.

Hata hivyo, misombo hiyo huchakaa kadiri umeme unavyopita, na ile ya rangi ya buluu huchakaa mapema zaidi. Nembo ya kituo cha televisheni ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu inaweza kuacha alama isiyofutika. Baadhi ya vioo vipya, vinavyoitwa tandem, vina mafungu mawili ya matabaka yaliyopandanishwa. Kwa mwangaza uleule, kila fungu hupitisha umeme mdogo zaidi, hivyo kioo hudumu zaidi.

Kabla ya kulipa, zingatia yafuatayo:

1. Omba kuonyeshwa, mahali penye giza, picha nyeusi yenye maandishi madogo meupe. Weusi wa OLED hautoi mng'ao wowote.

2. Ukinunua kifaa kilichotumika, fungua picha ya kijivu iliyojaa kioo kizima, kisha tafuta alama zilizoganda.

3. Soma waranti na uulize iwapo alama hizo zinafidiwa.

4. Unapobadilisha kioo cha simu, uliza kama unawekewa OLED au LCD. Jibu liandikwe kwenye risiti.

Nyumbani, punguza mwangaza na uweke muda mfupi wa kioo kujizima. Televisheni izimwe kwa rimoti kwanza, kwani nyingi za OLED hujirekebisha zikiwa zimezimwa lakini bado zina umeme. Simu iliyopasuka kioo itengenezwe mapema: unyevu na hewa vikiyafikia matabaka, huzaa madoa meusi yasiyotibika. Tunza risiti na waranti. Bila hizo, ni vigumu kuthibitisha ulichouziwa.