Tuisheni ya Kidato cha Sita: Mzazi Analipia Nini?

Katika nchi yetu hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia chuo kikuu. Kijana anayetafuta shahada hupimwa kwa mtihani wa Kidato cha Sita wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Mei. Kisha vyuo humpokea kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Siku hizo chache hubeba mzigo mkubwa, na kando yake imeota biashara ya masomo ya ziada, ambayo wengi wetu tunaiita tuisheni. Hapa Nduruma familia nyingi huishi kwa mahindi, maharage na mboga zinazomwagiliwa kwa maji yashukayo kutoka Mlima Meru. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, na kwa Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Lakini gharama iliyotolewa mlangoni hurudi kwa dirishani, nayo mara nyingi hutoka katika gunia la chakula au mbuzi wa akiba. Ni haki basi mzazi aelewe analipia nini.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Baraza la Mitihani hupanga madaraja kwa kujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ikipungua, daraja hupanda: pointi 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. TCU huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu katika masomo mawili yanayohitajika na programu husika, kwa jumla isiyopungua pointi 4.

Tuchukue mfano wa vijana wawili wa Historia, Jiografia na Kiingereza. Wa kwanza amepata D moja na E mbili, yaani pointi 14 za Baraza. Wa pili amepata D mbili na F moja, yaani pointi 15. Wote wawili wana Daraja la Tatu, na wa kwanza ndiye aliye mbele. Nyumbani kwake watashangilia. Lakini mbele ya TCU masomo yake mawili bora yana pointi 3 tu, na mlango wa shahada haufunguki. Wa pili, mwenye F, ana pointi 4, naye anafikia kiwango cha chini iwapo masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na programu anayoiomba. Kwa hiyo mwalimu wa ziada anayeanza kufundisha bila kuuliza kijana anataka kusomea nini, na masomo gani yanadaiwa huko, anauza saa zake tu. Wala isidhaniwe kwamba somo la tatu ni la kutupwa: anayetaka udaktari wa binadamu atadaiwa Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu.

Jambo la pili ni muda. Kidato cha Tano huanza kwa kawaida mwezi Julai, na mtihani wa mwisho huja Mei ya mwaka wa pili baada ya huo. Toa likizo, toa wiki za kuripoti shuleni na kutafuta vitabu: muda unaobaki ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Tena wanafunzi wengi wa ngazi hiyo hupangiwa shule za bweni mbali na nyumbani, hivyo tuisheni yao huku kwetu ni ya likizo, hasa ile ya Desemba. Wanaosoma jioni baada ya jioni ni wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wao huwa Novemba, na ambao ili kuendelea hudaiwa angalau alama C katika masomo matatu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha kidogo ya familia hufanya kazi kubwa zaidi. Msingi usipojengwa hapo, wiki nne za Desemba haziwezi kuziba ufa wa miaka minne.

Ufa huo mara nyingi ni wa lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Wako watahiniwa wanaoweza kukueleza vizuri kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini wakishika kalamu huandika sentensi walizokariri, wala hawatambui swali lilipogeuzwa kidogo. Mwalimu mwema humwacha mwanafunzi aeleze kwanza kwa lugha anayoimiliki, kisha humsaidia kuliandika wazo lile lile kwa lugha ya mtihani, akisahihisha mstari kwa mstari. Ni kazi ya polepole, isiyovutia kama ile ya wanaojitangaza kwamba wanabashiri maswali. Zaidi ya hayo, Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake, bila malipo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikionyesha swali kwa swali walikokosea na kwa nini. Simu moja yenye intaneti katika jumuiya yatosha kuzipata. Inasikitisha kuona mzazi akinunua mikusanyo ya maswali ilhali hazina hiyo iko wazi.

Sasa tuje kwenye haki. Mwalimu anayetumia jioni yake kufundisha anastahili ujira, wala Kanisa halijapata kufundisha vinginevyo. Lakini mwalimu anayeacha kwa makusudi sehemu ya somo darasani asubuhi ili aiuze jioni kwa wanafunzi wale wale, anauza kitu ambacho amekwisha kulipwa. Hilo si suala la adabu ya kazi tu. Ni suala la kuungamwa, na la kurudisha kilichochukuliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na ukalihimiza Kanisa liwaangalie kwa namna ya pekee walio maskini wa mali. Mzazi, basi, ana haki ya kuuliza, kwa heshima, mbona somo halimalizwi darasani.

Kanisa limewahi kukutana na tatizo hili. Mtakatifu Yosefu wa Calasanz, padre Mhispania aliyeishi Roma, aliwaomba walimu wa mitaa wawapokee watoto maskini; wakakataa wasipoongezewa mshahara. Mwaka 1597 akaanzisha shule ya bure katika vyumba vya parokia ya Mtakatifu Dorotea, Trastevere. Alianza na vyumba vilivyokuwapo.

Vyumba tunavyo hata sisi. Ukumbi wa kigango wenye taa na mabenchi, usiotumika siku nyingi za wiki, ni msaada mkubwa kwa kijana ambaye nyumbani anasomea mahali pamoja na wadogo zake na redio. Wanachuo walio likizo, walimu wastaafu na vijana wa VIWAWA waliomaliza karibuni wanaweza kugawana jioni, na jumuiya ndogo ndogo zikachangia mafuta ya jenereta au malipo ya umeme, na posho ya mwalimu wa somo gumu. Masharti machache yasilegezwe: mafundisho yafanyike mahali pa wazi, pasiwe na mwalimu na mwanafunzi mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, wawepo watu wazima wawili, na kipindi kiishe mapema ili mabinti wasirudi gizani kwenye njia za mashambani. Mwezi wa Machi na Aprili, mvua za masika zinapoharibu njia na palizi kudai mikono, afadhali kupanga Jumamosi asubuhi kuliko kuwalaumu wasiofika.

Wako pia wanaomkimbilia Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, msimamizi wa watahiniwa, ambaye husimuliwa kwamba askofu alimuuliza lile moja tu alilolijua vizuri. Aombwe, naam, ila yeye naye alikuwa amelisoma hilo moja.

Matokeo yakitoka, kwa kawaida mwezi Julai, mzazi na kijana wakae na mtu anayejua hesabu zile mbili kabla ya kutuma maombi, kwa kuwa maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo na ada ya maombi hairudishwi. Aliyepungukiwa pointi hajafika mwisho wa njia: anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kusoma stashahada na kuingia shahada kwa njia hiyo, au kuomba programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.