Siku moja kuzunguka pwani ya Ngazija: mawe meusi, birika za mvua na nyumba ya bibi

Katika nyumba zetu za Maskati na Dubai, ukikaa na watu wazima baada ya chai ya alasiri ukawauliza khabari za nasaba, hazipiti dakika kumi hajatajwa bibi Mngazija. Ama alikuja Unguja kuolewa, ama baba yake alikuja kusomesha Kurani akakaa moja kwa moja. Anatajwa, anarehemewa, kisha mazungumzo yanahama. Ngazija kwenyewe hatwendi. Tunakwenda Salalah wakati wa mvua, tunakwenda Istanbul, Unguja tunakwenda kila mwaka, na hicho kisiwa ambacho kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na kitu, tunakipita.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, kiangazi chao, sisi tulikwenda. Bibi mzaa mama wa mke wangu alitoka huko, katika kijiji cha pwani ya kaskazini ambacho jina lake nitaliacha kwa sababu mtaziona mbele. Tulikuwa na siku nne, na moja tuliitoa nzima kuizunguka pwani kwa gari la kukodi na kiongozi wetu wenyewe.

Wako watakaosema kukodi kiongozi wa peke yako ni mambo ya Wazungu. Hoteli tuliyofikia ilikuwa na msafara wa kundi, lakini maelezo yake yalikuwa kwa Kifaransa kitupu, na basi halimngojei mtu mwenye magoti mabovu. Ukiwa na gari lako unasimama unapotaka, unasali kwa wakati, na ukimkuta mzee barazani ana jambo la kusema unakaa ukamsikiliza. Kijana tuliyempata alisoma chuo Dar es Salaam, Kiswahili chake safi. Tulikubaliana jioni ya kabla: saa za kuondoka na kurudi, mafuta juu ya nani, chakula juu ya nani, na wapi tunapita. Gari nililitazama kwa macho yangu, khasa matairi, maana barabara ya kaskazini ina mashimo ya kumeza kondoo. Bei siitaji hapa, inapanda na kushuka na mafuta. Yuro wanapokea, ila chukueni na faranga za kwao kwa vitu vidogo. Yuro moja ni faranga 490 na kidogo, na haibadiliki.

Kijana alinipa shikamoo ya Kibara nikaitikia marahaba, akacheka. Kwao marahaba ndiyo asante. Siku nzima mke wangu kila akimpa mtoto peremende anaambiwa marahaba, naye ananigeukia, "Huyu keshakuwa mkubwa wangu."

Nimesomesha jiografia miaka mingi, sehemu kubwa katika sekondari ya misheni, na kila mwaka nilichora ubaoni volkano ile ile: pembe tatu iliyochongoka na moshi juu yake. Karthala haiko hivyo. Ni mlima mpana, umelala kama ngamia aliyepiga magoti, mita 2,361, na mara nyingi kilele kimo mawinguni usikione. Ujiuji wake wa moto ni mwepesi, hutiririka mbali kabla haujaganda, ndiyo maana mlima umetanuka badala ya kuchongoka. Na bado uko hai. Mwaka 1977 ulipasuka ubavuni, upande wa kusini magharibi, moto ukashuka ukala sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Huko hatukufika. Kusini ni siku nyengine, na anayekwambieni atakutembezeni kusini na kaskazini kwa siku moja anataka kukuonyesheni vioo vya gari lake tu.

Kutoka Moroni kwenda kaskazini kituo cha mwanzo ni Itsandra, na hapo nilimwomba kijana azime gari. Ufuo ni mzuri, mchanga mweupe, lakini sikushuka kwa ajili ya ufuo. Hapa ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, mwaka 1861, aliyekuja kuwa kadhi wa Unguja na kufariki huko mwaka 1925. Mwanawe, Sayyid Omar, naye akawa Kadhi Mkuu, na miongoni mwa wanafunzi wake ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefasiri Kurani kwa Kiswahili na kufia Maskati mwaka 1982. Basi ile tafsiri iliyo kwenye rafu za nyumba zetu, isnadi yake moja inapita katika kijiji hiki cha wavuvi. Watoto waliokuwa wakicheza mpira ufuoni walilijua jina la Sayyid. Watoto wetu sijui.

Baada ya hapo nchi inageuka. Karibu na uwanja wa ndege wa Hahaya unapita katikati ya mawe meusi matupu, makali kama vigae, yaliyoshuka mlimani siku za nyuma yakaingia baharini. Kwengine yameota ukungu wa kijivu tu, kwengine majani ya mwanzo, kwengine kwenye mawe ya zamani zaidi imeshamea minazi na migomba. Ukijua kuyatazama, unasoma umri wa kila mto wa moto kwa mimea iliyo juu yake. Darasani ningelipata somo la wiki nzima.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni maji. Mvua Ngazija inanyesha sana, na mito hakuna. Hakuna hata mmoja wa kudumu. Mawe yana vinyweleo, maji yanazama chini kama yamemwagwa kwenye chekeche. Kwa hiyo kila nyumba ya kizamani ina birika ya kukingia maji ya mvua, na mwanamke wa kijijini anaijua birika yake kama anavyomjua mwanawe: imejaa kiasi gani, lini ilisafishwa, nani alichota bila kuomba. Novemba 2005 Karthala ilipotema majivu, yalianguka juu ya mapaa yakaingia katika birika hizo. Kijana wetu alikuwa mdogo. Anakumbuka mama yake akilifunua birika na kulifunika tena bila kusema neno. Sisi wa Ghuba, tunaofungua bomba la maji yaliyochujwa kutoka baharini, tukae tukilifikiria hilo kidogo.

Ntsaweni tulisimama kwa fatiha. Wenyeji wanasimulia kwamba hapa amezikwa mtu wa kwao aliyesafiri kwenda Bara Arabu katika karne ya kwanza ya Hijra akarudi na Uislamu. Wanahistoria watabishana kuhusu tarehe, waachieni. Msikiti, kaburi na bahari viko mahali pamoja, na upepo ni mzuri.

Sasa kijiji chetu. Mke wangu alikuwa na jina la bibi yake, jina la mtaa, na picha moja ya mwaka wa hamsini na kitu. Kijana aliuliza barazani, katika ule uwanja wa mji wanaouita bangwe, wazee wakatazamana, na kabla ya robo saa tumeshapelekwa kwa bibi mmoja, binamu wa mama mkwe wangu, macho yamefifia lakini ulimi uko pale pale. Alimshika mke wangu uso kwa mikono miwili. Halafu akasema, kwa Kiunguja chake cha zamani, "Mwanangu, umechelewa, lakini nyumba ipo."

Nyumba ipo kweli, ya mawe na chokaa, na mlango wake wa nyuma unatazama bahari. Bibi akatueleza kwamba utotoni mwake kutoka mlango huo mpaka maji yanapofika palikuwa na mchanga wa kutosha vijana kucheza ngoma. Leo bahari ikijaa inapiga msingi. Mchanga umekwenda wapi? Umejengewa nyumba. Kisiwa cha volkano kichanga hakina mchanga mwingi. Mweupe unatokana na matumbawe yaliyosagika, mweusi unatokana na mawe ya moto, na vyote viwili vinachukua muda mrefu kujitengeneza. Ngazija mtu hatambuliwi mtu mzima mpaka afanye ada, ile harusi yao kubwa, na binti hujengewa nyumba. Pesa zinakuja kutoka Marseille, saruji inanunuliwa, na mchanga ulikuwa ukichotwa ufuoni bure. Kwa miaka kijiji kizima kilikuwa kikibeba ukuta wake wa bahari na kuutia ndani ya kuta za nyumba. Siku hizi wanasaga mawe zaidi, na pahala pengi kuchota kumekatazwa, ila kilichochukuliwa kimechukuliwa.

Jambo la pili ni zito kuliko bahari. Ardhi ile na nyumba ile ni manyahuli. Kwa wasiojua: ni mali ya ukoo wa kike, inatoka kwa mama kwenda kwa binti, haigawanywi wala haiuzwi, na wanaume wa ukoo wanaiangalia tu. Sharia inagawa mirathi, manyahuli haigawi, na wanazuoni wa Ngazija wamelijadili hilo miaka na miaka. Wako wanaoiona kama aina ya wakfu. Mie si faqihi, sitii mguu humo. Ninachokijua ni kwamba mmoja katika vijana wa kiume wa ukoo amepata mnunuzi anayetaka kiwanja cha pwani ajenge nyumba ya wageni, na wanawake waliobaki kijijini wenye neno ni wawili, wote wazee. Mke wangu, kwa kuwa ni binti wa binti, ana haki pale sawa na wao. Dada zake walioko Uingereza na Dubai vile vile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua.

Bibi hakuomba pesa. Jamaa wa Marseille wameshaanza kuchanga kwa ajili ya ukuta wa mawe mbele ya msingi. Alichotaka ni majina: wanawake wa ukoo walioko nje waandikwe, ili siku ya kikao isisemwe kwamba hakuna mrithi. Mke wangu akaandika jina lake na ya dada zake na ya binti zetu wawili kwenye daftari la skuli la mjukuu wa bibi. Kijana wetu alikaa mlangoni muda wote huo hakutazama saa hata mara moja, na kwa hilo peke yake nilimwongeza jioni. Tukalishwa mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi kwa wali, na mkatra futra, ndugu wa damu wa mkate wetu wa ufuta.

Iliyobaki ya safari niitaje kwa haraka maana mchana ulikuwa umekwisha kuinama. Mitsamiouli mji mzuri. Mbele yake kidogo ni Galawa, jina la ngalawa, palipokuwa na hoteli kubwa ya kitalii ambayo sasa imeshavunjwa. Ni mbele ya ufuo huu ilipoanguka ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa, tarehe 23 Novemba 1996, ikiwa imeishiwa mafuta. Watu 175 walikuwamo, 125 wakafa. Wavuvi na wageni wa hoteli ndio waliowatoa majini walionusurika. Bahari siku ile tuliyofika ilikuwa kama kioo.

Ncha ya kaskazini, karibu na Ivoini, kuna ukingo wa mawe uliochongoka mgongo kama mnyama aliyelala, na si mbali ni ziwa la maji ya chumvi ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, hatua chache kutoka baharini. Rangi yake hubadilika, buluu, kijani, mara nyengine hudhurungi. Wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji, akaja mgeni ana kiu, wakamnyima maji, ardhi ikawameza. Katika kisiwa kisicho na mto, hadithi ya kunyimwa maji nadhani haihitaji mwalimu wa kuifasiri.

Na gombesa, samaki ambaye wanasayansi walidhani amekwisha pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili kutambuliwa alivuliwa hapa Komoro, kisiwa cha Nzwani, mwaka 1952, na mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha chini ya maji pwani ya Ngazija akawapiga picha wakiwa hai. Mlima unaendelea chini ya maji kwa mteremko mkali, na mchana samaki hao hujificha katika mapango ya mawe ya moto, zaidi ya mita mia chini. Aliyekaushwa yuko katika makumbusho ya Moroni. Wavuvi wa zamani walimjua siku zote, na hawakumtaka, nyama yake ina mafuta mabaya.

Tulirudi kwa barabara inayokata kisiwa kwa juu, kwenye Dibwani, katikati ya vilima vya volkano vilivyofunikwa na nyasi, tukaingia Moroni Magharibi ikiadhiniwa.

Kikao cha ukoo kimewekwa baada ya Idi. Mke wangu na binti yetu mkubwa wameshakata tiketi. Katika kundi la simu la familia dada wa Manchester ameandika kwamba naye anakuja, na yule wa Dubai, ambaye hajawahi kuuliza jambo lolote kuhusu Ngazija maisha yake, ameuliza kama birika ya nyumba ile inavuja.