Maegesho ya Baiskeli na Haki ya Mwenye Mzigo (Sehemu ya Nne)

Tangu reli ya kisasa ilipozinduliwa rasmi hadi Dodoma, tarehe 1 Agosti 2024, wakazi wa Unyanyembe wamezidi kuulizana juu ya kipande cha Makutupora hadi Tabora, ambacho mkataba wake ulitiwa saini mwezi wa Desemba 2021, na aghalabu maswali yao ni ya stesheni: mabasi yatasimama wapi, teksi zitapata upande gani, bodaboda watafukuzwa au wataachwa. Sijamsikia mtu akiuliza baiskeli zitawekwa wapi, ilhali katika vijiji vyetu vya Uyui baiskeli ndiyo inayobeba maji, mkaa, asali na hata mgonjwa. Msomaji aliyefuatana nami katika sehemu tatu zilizopita hahitaji kuelezwa tena habari za njia na za ajali; leo nia yangu ni kueleza jinsi ubora wa maegesho unavyopimwa, nami sioni pa kuanzia ila kwa wapagazi wa misafara ya zamani, waliojua kutua mzigo.

Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walipoingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, waliikuta kazi ya uchukuzi wa mizigo imekwisha kuwa na kanuni zake, na ingawa mengi aliyoyaandika Burton juu ya watu wetu yamejaa dharau na hayastahili kusadikiwa, jicho lake katika mambo ya mizigo lilikuwa kali. Mtumba wa nguo, ambao uzito wake ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ulikazwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu mithili ya gogo, kisha ukafungiwa vijiti vyenye panda vilivyotokeza upande mmoja, ili mpagazi akitaka kupumzika ausimamishe na kuuegemeza mtini, nguo zisiguse udongo wenye unyevu, naye asilazimike kuinama wakati wa kuutwika tena. Waliochukua pembe kubwa za ndovu walikuwa watu wa nguvu na wa heshima, na kengele iliyofungwa penye ncha ililia njia nzima. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia mbele, na msafara ulipofika kambini mizigo ilikusanywa mahali pamoja ikalindwa. Hayo ndiyo yaliyofanyika kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika Mgunda Mkali na katika nchi ya mtemi Mirambo, kwa miaka mingi kabla reli ya Wajerumani haijafika Tabora mwaka 1912 na kuiua kazi ile. Wanyamwezi wale, ambao wageni waliwahesabu kuwa mabega tu, walifahamu jambo ambalo wahandisi wengi wa leo hawalifahamu: kwamba kubeba na kutua ni kazi moja, na asiyefikiri namna ya kutua hajafikiri safari.

Mtazame mchukuzi wa mkaa katika njia ya kuingia Tabora. Baiskeli yake ni Phoenix, magunia yamepita kimo cha kiti, na pembeni mwa fremu amefunga gongo lenye panda. Anaposimama hulichomoa gongo lile kwa mkono mmoja, panda akaipachika chini ya mzigo upande unaoelemea, ncha ya pili akaikita ardhini. Huachilia usukani polepole, akalisukuma gunia kwa kiganja kulijaribu, ndipo akaenda kutafuta maji ya kunywa. Mtu huyu amejijengea maegesho yake mwenyewe kwa sababu mji haukumjengea, na hilo ni deni tunalodaiwa.

Sasa vipimo. Chuma chembamba kinachoshika gurudumu la mbele peke yake hakifai, kwani baiskeli ikielemewa rimu hupinda. Kinachofaa ni bomba nene lililopindwa na kukitwa ardhini miguu yote miwili, ambalo fremu huegemea mahali pawili na kufuli hupita katika fremu na bomba kwa pamoja. Baina ya bomba na bomba nafasi ya mita moja hutosha huko Ulaya, ambako baiskeli hubeba mkoba. Kwetu izidishwe, maana magunia yana mapana yake. Kivuli kihesabiwe katika ubora, si katika anasa: jua la Oktoba hubandua viraka na kuharibu mipira. Umbali nao upimwe kwa hatua kutoka mlangoni, kwa kuwa mtu akiona ni mbali ataiegemeza baiskeli yake ukutani. Na kipimo kinachoshinda vyote ni kwenda saa sita mchana, kuhesabu baiskeli zilizomo ndani ya maegesho na zile zilizoegemezwa kwenye miembe na kuta za jirani. Zikiwa nyingi nje kuliko ndani, maegesho yale yameshindwa, hata yakipakwa rangi nzuri namna gani. Mji wa Utrecht, Uholanzi, ulikamilisha mwaka 2019 maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya stesheni yake, na mtu huiacha baiskeli yake hapo akapanda treni papo hapo. Sisi hatuhitaji elfu kumi na mbili. Tunahitaji insafu ile ile.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, hapa Isikizya, na wakuu wa Shirika la Reli Tanzania, kwamba kabla saruji haijamwagwa wawaite wachukuzi wa mkaa na warina asali, waje na baiskeli zao zikiwa na mizigo kamili, wayajaribu mabomba ya kuegemezea mbele ya mhandisi. Na miembe iliyopo isikatwe.